UZI: Bud Fowler, kinyozi aliyelinda besi ya pili akiwa amefunga mbao miguuni

Wembe wa Manzese (mleta uzi)

Wakuu, salaam. Wanaonijua humu wanajua mimi ni kinyozi na saluni yangu ni kijiwe cha mpira. Simba na Yanga kuanzia nafungua mlango mpaka nazima taa. Leo nawaletea mchezo ambao wengi wetu tunauona kwenye filamu tu, besiboli, na nimeufuata kwa sababu ya mtu wa fani yangu. Huyu bwana wembe ulimlisha, besiboli ikamzungusha Marekani nzima. Nitaandika kipande kipande, mteja akiingia nitakatisha. Mnivumilie.

Jina la kuzaliwa ni John W. Jackson. Alizaliwa Machi 16, 1858, mji mdogo wa Fort Plain, jimbo la New York. Baba yake alikuwa kinyozi, na yeye akairithi kazi. Angali mdogo kabisa, familia ikahamia Cooperstown, kijiji cha jirani. Fowler ni jina alilojipachika mwenyewe ukubwani. Hilo la Bud lilitokana na mdomo wake: kila aliyekutana naye alimwita "Bud", kama sisi tunavyomwita kila mtu "mwanangu". Mwisho likamrudia mwenyewe.

Kwa wasiojua mchezo, kwa ufupi sana. Kuna vituo vinne vinaitwa besi, vimepangwa pembe nne. Mrushaji anarusha mpira, mpigaji anaupiga kwa gongo, halafu anatimua mbio kuzunguka besi zote arudi alipoanzia. Wapinzani wanajaribu kumkata njiani. Mlinzi wa besi ya pili ndiye anayekaa kwenye njia kuu: mkimbiaji anakuja kasi, anajitupa chini anaserereka miguu mbele, na viatu vyake vina meno ya chuma. Wewe umesimama hapo umeinama kudaka mpira. Enzi hizo walinzi wengi wa ndani walidaka kwa mikono mitupu, bila glavu.

Fowler ndiye Mweusi wa kwanza anayejulikana kulipwa kwa kucheza besiboli ndani ya ligi za weupe. Mwaka 1878. Jackie Robinson, ambaye wengi mnamsikia, alikuja 1947.

Mteja huyo.

Kijana wa Likoni

Naweka kambi hapa. Lakini hebu nitoe tongotongo: mimi niliambiwa wa kwanza ni Jackie Robinson, hata shati lake namba 42 timu zote zimelistaafisha. Sasa huyu wako katokea wapi?

Wembe wa Manzese

Likoni, swali zuri. Ni ngazi tofauti. Robinson alifungua upya mlango wa ligi kuu, Brooklyn, Aprili 1947. Upya, maana ulikuwa umefungwa. Kabla yake, Moses Fleetwood Walker alicheza ligi kuu na Toledo mwaka 1884. Fowler hakuwahi kugusa ligi kuu, alicheza ligi za chini yake, ila alianza kulipwa miaka 6 kabla ya Walker kufika Toledo. Kwa hiyo ukisema Robinson "wa kwanza" bila kuongeza neno, unakuwa umewafuta watu wengi waliokaa kwenye foleni kabla yake.

Tuendelee na 1878. Aprili 24 mwaka huo, kijana wa miaka 20, anarusha mpira kwa kikosi cha Chelsea, Massachusetts, kwenye mechi ya kirafiki dhidi ya Boston. Hao Boston walikuwa mabingwa wa ligi kuu wa msimu uliotangulia, na mrushaji wao ni Tommy Bond, mtu wa kuogopwa. Chelsea wakashinda 2 kwa 1. Ni kama timu ya ndondo pale Tandale imfunge bingwa wa ligi, na aliyefunga ni dogo ambaye hakuna anayemjua. Mwezi uliofuata akawa na Lynn Live Oaks, timu ya kulipwa kwenye ligi.

Kumbukeni pia kwamba Desemba 1867 chama cha besiboli cha nchi kilikuwa kimeshaamua kutopokea klabu yenye wanachama Weusi. Utumwa ulikuwa umefutwa kwa katiba miaka miwili tu nyuma yake. Chama kile kilipokufa, sheria ikafa nacho kwenye karatasi, na ligi zilizofuata hazikuandika kitu. Kila kitu kikawa cha kimyakimya. Leo mwenye timu anakuhitaji, kesho wenzako hawakutaki, na hakuna kifungu cha kukatia rufaa.

Mzee wa Ndondo

Hicho cha "hakuna kifungu" nakielewa vizuri. Nimecheza ndondo miaka ya tisini, timu moja sitaitaja. Kocha ananitaka, wachezaji wakubwa wawili hawanitaki kwa sababu nimetoka mtaa wa wapinzani. Siku ya mechi jezi yangu "haionekani". Ikapotea jezi ileile mara tatu. Endelea, Wembe.

Wembe wa Manzese

Hahaha, jezi yenye miguu. Pole mzee wangu. Basi Fowler jezi yake ilipotea kila mji.

Mwaka 1881 alikwenda Kanada, Guelph, timu ya Maple Leafs. Walimsajili wenyewe. Alipofika na wenzake wakaona rangi, wakakataa kucheza naye. Akarudi zake.

1884 yuko Stillwater, Minnesota, ligi ya Kaskazini-Magharibi. Hapa ndipo huwa nacheka peke yangu saluni. Stillwater ilikuwa timu mbovu hasa: walianza msimu kwa kupoteza mechi 16 mfululizo. Kumi na sita! Ushindi wa kwanza ulipopatikana, mrushaji alikuwa Fowler. Watu wa mji wakafurahi wakampa dola 10 na suti mpya. Pesa sijali, lakini hiyo suti naipenda. Fikiria mtu anatoka uwanjani anapelekwa kwa fundi cherehani kupimwa kwa sababu timu imeshinda mechi moja.

Kurusha kila siku kulimchosha mkono, akahamia besi ya pili, na huko ndiko alikojenga jina. 1885 alikuwa Keokuk, Iowa. Wakampenda, akawa tegemeo, halafu katikati ya msimu timu ikavunjika. Ligi za wakati huo zilikuwa zinazaliwa na kufa kama vibanda vya chipsi. Desemba mwaka huo gazeti la michezo la Sporting Life likaandika habari zake, na maana yake ilikuwa hivi: maskini ngozi yake ndiyo inayompinga, angekuwa mweupe angeshakuwa kwenye klabu kubwa siku nyingi, na wanaojua wanasema nchi nzima hakuna mlinzi wa besi ya pili aliye bora kuliko yeye.

Someni tena, taratibu. Hilo ni gazeti la weupe, mwaka 1885, linasema wazi kwamba hakuna bora kuliko yeye na linasema wazi kwa nini hapati kazi. Halimwambii mtu yeyote afanye chochote. Limeandika kama vile linatangaza mvua.

Binti Kisutu

Hapo pa gazeti pameniuma kuliko pa Guelph. Guelph walau walijificha nyuma ya ujinga.

Swali la kizembe: alikuwa anaishi vipi timu zikivunjika? Maana mshahara wenyewe nadhani ulikuwa wa msimu tu.

Wembe wa Manzese

Binti Kisutu, si la kizembe, ndilo lililonileta mimi kwenye habari hii. Alikuwa ananyoa. Mpira ukisimama, wembe unafanya kazi. Na kwa anayehama mji hadi mji, hakuna ufundi mwepesi kubeba kama huu: wembe, mkasi, ukanda wa ngozi wa kunolea, mswaki wa sabuni, vyote vinaingia kwenye mfuko mmoja. Mimi nilipotoka Kahama kuja Dar nilikuja na mashine moja na kitambaa cha shingoni. Wiki ya pili nilikuwa nakula.

Kingine, kiti cha kinyozi ni ofisi ya habari. Anayetafuta timu mpya anahitaji kujua nani anaunda timu, nani ana fedha, nani kagombana na nani. Hayo yote yanasemwa mtu akiwa na povu kidevuni. Hiyo ni tafsiri yangu, msiende kuinukuu mtihani.

Sasa Binghamton. Kaeni vizuri.

Mwaka 1887 alisajiliwa Binghamton, New York, kwenye ligi iliyoitwa ya Kimataifa, ngazi moja tu chini ya ligi kuu. Alikuwa na miaka 29, yaani ndiyo kilele. Alicheza mechi 34. Wastani wake wa kupiga ulikuwa 0.350, maana yake kila akisimama mara 100 kupiga, mara 35 anafika besi kwa mpira alioupiga mwenyewe. Kwenye besiboli ukifikisha 30 wewe ni mchezaji mzuri. Juu ya hapo alijichukulia besi 23 kwa kukimbia ghafla mrushaji akiwa hajajipanga, kile wenyewe wanachokiita kuiba besi. Mechi 34, besi 23.

Wachezaji wenzake wakatuma telegramu kwa uongozi: huyu asipoondoka, hatuchezi. Wenzake hao, si wapinzani. Akaachwa mwanzoni mwa kiangazi, tena kwa sharti kwamba asisaini timu nyingine yoyote ya ligi hiyohiyo. Baada ya wiki kadhaa wakurugenzi wakawatoza wachezaji wale faini ya dola 50 kila mmoja kwa kugoma. Fowler hakurudishwa.

Julai 14, 1887 viongozi wa ligi ile wakakaa kikao wakaamua kutopitisha tena mikataba ya wachezaji Weusi. Siku hiyohiyo, Newark, Chicago ya Cap Anson ilikuwa na mechi ya kirafiki na timu yenye mrushaji Mweusi hodari, George Stovey. Anson alikuwa nyota mkubwa kuliko wote wakati ule, na hakutaka kucheza na mtu Mweusi. Stovey hakupanda uwanjani. Siku moja, mambo mawili, na mlango ukaanza kufungwa.

Muha wa Ujiji

Mkuu umeahidi mbao kwenye kichwa cha habari. Tumefika maoni ya nane hakuna mbao.

Wembe wa Manzese

Muha una haraka kama mteja wa Ijumaa.

Mbao ni hizi. Mwaka 1889 gazeti la Sporting News lilichapisha maneno ya mchezaji mmoja mweupe wa ligi ile ya Kimataifa, bila jina. Alisema Fowler alikuwa anacheza besi ya pili akiwa amefunga vikinga vya mbao kwenye miguu, sehemu ya chini, kwa sababu alijua karibu kila mkimbiaji anayekuja kwenye besi ile amekuja kumchana. Na kwamba warushaji karibu nusu walikuwa wanawalenga kwa makusudi wachezaji Weusi wakiwa wamesimama kupiga.

Tengenezeni picha. Soksi ndefu, chini yake vipande vya mbao vimefungwa kwenye ugoko. Ukiinama havipindi. Ukikimbia vinakwaruza. Juani jasho linashuka, mbao inakula ngozi. Na ukiwa hivyo unatakiwa kuwa mwepesi kuliko wote uwanjani, maana besi ya pili ni nafasi ya kugeuka na kurusha kwa mkupuo mmoja. Leo kila mtoto wa chandimu akinunuliwa njumu ananunuliwa na vikinga vya ugoko vya plastiki. Fowler alivaa vyake kwa sababu watu walikuwa wanalenga mguu na si mpira.

Yuko mwingine aliyepitia hayohayo, Frank Grant wa Buffalo, naye mlinzi wa besi ya pili, na wapo wanaosema kipaji chake kilizidi hata cha Fowler. Habari za mbao zinasimuliwa kwa wote wawili, na watu hubishana nani alianza. Mimi hainisumbui. Meno ya chuma hayakuwa yanauliza jina.

Mzee wa Ndondo

Na waamuzi?

Wembe wa Manzese

Mwamuzi alikuwa mmoja uwanja mzima kwenye mechi nyingi za wakati ule, mzee. Akitazama mpira hatazami miguu. Unajua mwenyewe.

Kijana wa Likoni

Basi hapo ningekuwa mimi ningerudi kwa mamangu nikanyoe watu kwa amani. Yeye alifanyaje?

Wembe wa Manzese

Aliendelea. Nikitaja miji yote uzi utajaa: Vermont, Indiana, Santa Fe kule New Mexico, Michigan, Illinois, Iowa, Nebraska. Karibu kila mwaka mji mpya. Jumla alicheza misimu 10 ndani ya ligi rasmi za weupe, na kwa hesabu hiyo hakuna Mweusi aliyempita mpaka enzi za Robinson. Wapo wanaosoma orodha hiyo wakasema alikuwa mtu wa kutangatanga. Mimi nikiisoma naona orodha ya watu waliomwachisha kazi.

Halafu akafanya jambo ambalo kwangu ndilo kubwa kuliko besi 23. Alipoona timu za weupe zinazidi kufunga milango, akaanzisha ya kwake. Akiwa Findlay, Ohio, alikuwa na kijana mmoja anaitwa Grant Johnson (msimchanganye na Frank Grant), mpigaji wa kutisha. Wawili hao wakaunda Page Fence Giants, makao yake Adrian, Michigan, wakaanza kucheza 1895. Jina linatokana na mfadhili, kampuni ya kutengeneza uzio wa waya, na kulikuwa na mfadhili wa pili, kampuni ya baiskeli.

Sasa sikilizeni akili ya huyu kinyozi. Timu ilisafiri kwa behewa lao wenyewe la treni, na ndani kuna vitanda na mpishi. Kwa nini? Kwa sababu hoteli nyingi zisingewapokea. Behewa likatatua hilo, na wakati huohuo likawa tangazo. Treni ikifika mji, wachezaji wanashuka wakiwa kwenye sare, wanapanda baiskeli, wanapita barabara kuu kwa msafara mpaka uwanjani. Watu wanawafuata nyuma. Mfadhili wa baiskeli kafurahi, mfadhili wa uzio kafurahi, tiketi zimeuzwa. Hapa kwetu ni gari la matangazo lenye spika, ila wao wana magurudumu mawili na misuli. Msimu huo wa kwanza walishinda mechi 118 na kupoteza 36.

Yeye mwenyewe hakumaliza msimu. Katikati ya mwaka timu ya Adrian ya ligi ya jimbo la Michigan, ya weupe, ikamwita, akaenda. Miaka 37, ameshajenga timu yake inayoshinda, na bado akiitwa kwenye ligi anakwenda. Hapa huwa nabishana na wateja. Wengine wanasema alisaliti. Mimi nasema alikuwa mchezaji, na mchezaji anataka kujipima pale walipomwambia hafai.

Binti Kisutu

Wembe, mimi niko upande wa wateja. Timu ni mtoto wako, unamwachaje na miezi mitatu?

Wembe wa Manzese

Tukubaliane kutokukubaliana, dada yangu. Ila hakuacha kuunda timu. 1899 alikuja na kikosi kilichoitwa All-American Black Tourists, na hao waliingia mjini wamevaa suti rasmi, kofia ndefu na miavuli ya hariri. Sasa hivi tungesema wametinga.

Mwisho wake haukuwa mzuri. Alizeeka na majeraha na maradhi. Mwaka 1909 wanaomjua walijaribu kuandaa mechi ya kumchangia fedha, haikufanikiwa. Alihamia kwa dada yake Frankfort, New York, na huko akafa Februari 26, 1913, ana miaka 54, kwa ugonjwa wa upungufu wa damu. Akazikwa bila jiwe la kaburi. Watafiti wa historia ya besiboli walimwekea jiwe mwaka 1987. Miaka 74 amelala chini ya majani.

Sasa Cooperstown. Kijiji hicho ndicho chenye Jumba la Heshima la besiboli, lililofunguliwa 1939. Liliwekwa pale kwa sababu ya hadithi kwamba mwanajeshi mmoja, Abner Doubleday, aliubuni mchezo hapo mwaka 1839. Hadithi yenyewe si ya kweli, wanahistoria wameshaizika. Kwa hiyo jumba lilijengwa kijijini pale kwa ajili ya mtu ambaye hakubuni chochote, na mtoto wa kinyozi aliyekulia palepale akasubiri nje. Mwaka 2013 wakaipa jina lake barabara inayoingia uwanja wa Doubleday. Desemba 2021 akachaguliwa, na Julai 24, 2022 akaingizwa rasmi jumbani. Dave Winfield, mchezaji mkubwa wa zamani, ndiye aliyemsemea jukwaani.

Muha wa Ujiji

Mbao nimezipata, nimeridhika. Kwa taarifa, pale Azania sekondari, Dar, kuna uwanja wa besiboli uliojengwa kwa msaada wa Wajapani. Na watoto wa Uganda kutoka Lugazi walicheza mashindano ya dunia ya watoto huko Marekani mwaka 2012, timu ya kwanza ya Afrika kufika. Mwaka mmoja kabla walikuwa wamefuzu timu nyingine ya Uganda, wakakwama kwenye viza.

Kijana wa Likoni

Viza nazo zina meno ya chuma. Wembe, picha yake ipo?

Wembe wa Manzese

Ipo ya timu ya Keokuk, 1885. Wenzake wote weupe. Yeye amesimama mstari wa nyuma, katikati kabisa. Nimeichapisha, nimeibandika ukutani juu ya kioo, pembeni ya bei ya kunyoa ndevu. Wateja wanaouliza ni nani huwa nawachelewesha kidogo kwenye kiti.